Programu Huria na Dhima ya Wanaozitumia

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wataalamu wenye vyeo, ambao kila wanapotaka kuzisifu programu huria mbele ya umma hutanguliza hoja moja tu, nayo ni kwamba programu hizo hazina bei. Mimi ni mpenzi wa kompyuta niliyezitumia programu za namna hiyo kwa miaka mingi, katika kazi zangu na katika starehe zangu, na kwa insafu yote naona kwamba hoja hiyo, ijapokuwa ni ya kweli, ndiyo dhaifu kuliko zote, tena imeudhuru mwendo wa jambo lenyewe katika nchi zetu kuliko ilivyoufaa.

Sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kupita Kariakoo ya Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, akiwa na kompyuta kwapani. Fundi huulizwa jambo moja tu, kwamba kupiga windo, yaani kuweka mfumo wa Windows, ni shilingi ngapi, naye hutaja ujira wa mkono wake, wala hataji bei ya mfumo wenyewe, kwa kuwa mfumo huo ataunakili kutoka katika flashi iliyokwisha kuzunguka mtaa mzima, pamoja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli ya leseni. Mwenye kompyuta huondoka akiamini kwamba amepata mali halali, au, kama anajua kwamba si halali, hujifariji kwamba hakuna atakayemwuliza. Basi ukimwendea mtu huyo na kumnadia mfumo mwingine kwa sifa ya kuwa ni wa bure, atakutazama kwa mshangao, maana hata huo alio nao hakuulipia. Cha wizi na cha hiba vimekwisha kulingana bei machoni pake, na katika mizani hiyo atachagua kile alichokizoea.

Gharama hata hivyo iko, ila haionekani siku ya kwanza. Kile kijiprogramu cha kuvunja kufuli aghalabu hudai kwanza kinga ya virusi izimwe, na mwenye kompyuta, ambaye hajui kilichomo ndani yake, hukubali. Tangu hapo hana hakika tena kama nywila zake na barua zake ni zake peke yake. Fauka ya hayo, mfumo uliovunjwa kufuli mara nyingi huzuiwa usijisasishe kwa hofu ya kugunduliwa, hata kasoro ambazo zimekwisha kutengenezwa duniani kote zikabaki wazi katika mashine hiyo moja. Wala anayelipa kwa halali hana usemi juu ya muda wa matunzo: tarehe 14 Oktoba 2025 matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma, na mrithi wake, Windows 11, haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Katika nchi kama zetu, ambazo kompyuta nyingi huingia zikiwa zimekwisha kutumiwa Ulaya na Marekani, maana yake ni kwamba mashine nzima, yenye kioo safi na kibodi isiyo na hitilafu, huhesabiwa kuwa imezeeka kwa uamuzi uliokatwa mbali na mwenyewe.

Kinachoitofautisha programu huria ni haki alizopewa mtumiaji. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta, aliouita GNU, ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia apendavyo, kuuchungua na kuubadili, kuunakili na kumpa mwenziwe, na kuitoa kwa wengine nakala aliyoitengeneza upya. Miongoni mwa yaliyomchochea lilikuwamo jambo dogo la ofisini. Mtambo wa kuchapa waliokuwa nao zamani alikuwa ameuandikia maelekezo ya kuwaarifu watumiaji kila karatasi zilipokwama. Ulipokuja mtambo mpya wa Xerox, ulikuja bila msimbo wake, yaani yale maandishi ya asili ya programu ambayo binadamu huweza kuyasoma, na alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alinyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoutoa. Suala la fedha halikuwamo kabisa. Alichonyimwa ni ruhusa ya kukitengeneza kitu kilichosimama mbele yake, ilhali ujuzi wa kukitengeneza alikuwa nao.

Msomaji wa pwani hatapata taabu kulielewa jambo hili, maana linafanana sana na wakfu. Mtu akiweka wakfu kisima, haki ya kukiuza humtoka, yeye na warithi wake. Kila apitaye huteka, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, wala hakuna awezaye kukizungushia ukuta akakiita chake. Leseni ya GPL ya mradi wa GNU, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, imefungwa kwa sharti la namna hiyo: aliyeichukua programu, akaibadili na kuitoa kwa watu, hana budi kuitoa pamoja na msimbo wake, chini ya haki zile zile alizozikuta. Ziko leseni nyingine za programu huria zilizo laini zaidi, lakini moyo wake ni mmoja. Tena kisima cha wakfu kina jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa, nalo ni kwamba kamba huchakaa na ndoo hutoboka, na anayeteka kila siku bila kuijali kamba ana dhima, hata kama hakuna anayemdai senti. Hoja yangu yote imo humo.

Watekaji wenyewe ni wengi kuliko wanavyojijua. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha mfumo kwa kujifurahisha, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL. Kiini hicho, Linux, ndicho kilicho ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kila moja ya zile kompyuta 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani huendeshwa nacho. Yule kijana wa kibanda cha kuwekea watu filamu katika flashi, ambaye ukimtajia programu huria atakuambia hajapata kuziona, anaonyesha filamu zake kwa VLC, yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa, programu iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris.

Mimi mwenyewe hutumia Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993 na unaotunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, katika kompyuta ya mitumba ambayo kwa hesabu ya wauza mifumo muda wake ulikwisha zamani. Nipendacho zaidi ndani yake ni adabu. Ninapotaka kuusasisha, hunitajia majina ya programu zitakazobadilishwa, hunieleza ni megabaiti ngapi zitakazopakuliwa, kisha huniuliza kama nimeridhia. Nami, maadamu bando ni fedha, hujibu hapana mchana nikajibu ndiyo usiku, wakati bando la usiku linapokuwa nafuu, wala hakuna siku ambayo kompyuta imeniambia nisubiri katikati ya kazi hata imalize shughuli zake yenyewe. Programu zote huchukuliwa kutoka ghala moja lenye sahihi za walinzi wake, hata ile desturi ya kuzurura mitandaoni kutafuta kitu cha kupakua, na kurudi na virusi, ikawa imeondoka yenyewe.

Yako mambo madogo ambayo ndani yake mtu huona faida ya haki hizi kwa macho. Aghalabu rafiki huniletea waraka ulioandikwa ofisini kwake, nikaufungua kwa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, mistari ikawa imesogea, jedwali limekatika, na mahali pa sahihi pamerukia ukurasa wa peke yake, naye hutoa hukumu papo hapo kwamba programu hii ni mbovu. Kumbe kosa halimo katika programu, limo katika umbo la herufi: waraka umeandikwa kwa herufi za Calibri, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na mfumo wangu, na kompyuta ilipozikosa iliweka nyingine zenye upana tofauti, kila mstari ukarefuka kidogo hata ukurasa ukajaa. Ziko herufi huria ziitwazo Carlito, zilizochongwa makusudi ili upana wa kila herufi uwe sawasawa na wa Calibri. Ukiziweka, mistari hurudi mahali pake na sahihi hupanda ukurasa wake. Hakuna aliyenificha sababu, wala sikuhitaji kumpigia simu mtu yeyote ili nielezwe.

Jambo la pili linahusu lugha yetu. Anayeandika Kiswahili katika kompyuta anaijua ile mistari myekundu inayotandazwa chini ya maneno mazima, kana kwamba mwandishi hakusoma. Taabu hiyo ina asili yake: kitenzi chetu hubeba ndani ya neno moja mtendaji, wakati, mtendewa na shina, na anayetaka kuorodhesha kila neno kama tungaliwasaidia, wangalikusaidia na msingalitusaidia, hatamaliza orodha yake. Programu inayokagua tahajia katika LibreOffice na katika kivinjari cha Firefox, iitwayo Hunspell, ilitungwa kwanza kwa ajili ya Kihangari, lugha ambayo nayo hurundika viambishi, na kwa sababu hiyo iliundwa ikiwa na faili mbili kwa kila lugha, moja ya orodha ya maneno na moja ya kanuni za viambishi vinavyoweza kutangulia au kufuata. Faili hizo ni maandishi matupu. Mwalimu wa Kiswahili asiyejua hata chembe ya uhandisi aweza kuzifungua, akaona neno lililosahauliwa, akaliongeza, akawapelekea watunzaji, na neno hilo likamfikia kila mwandishi wa Kiswahili kutoka Lamu hata Lubumbashi katika toleo lijalo. Kwa programu iliyofungwa, mwalimu yule yule angeandika barua ya kuomba, kisha akangoja.

Sitaki msomaji adhani kwamba njia hii imetandazwa zulia. Viko vifaa vya kunasa intaneti isiyo na waya ambavyo watengenezaji wake hawakutoa maelezo ya kutosha, na mtu aliyeweka mfumo mpya huenda akalazimika kuunganisha simu yake kwa waya ili apate intaneti ya kutafutia programu ya kifaa chenyewe. Ziko printa ambazo huchapa siku ya kwanza bila kuulizwa, na nyingine hazikubali hata zikibembelezwa. Mhasibu aliyezoea programu fulani ya hesabu, na mchoraji wa majengo ambaye wateja wake wote hudai faili za aina moja, wana udhuru wa kweli, nami simshauri mtu aharibu riziki yake kwa ajili ya itikadi. Nadai tu kwamba udhuru wa wachache usiwe kisingizio cha ofisi nzima, ambayo kazi yake yote ni kuandika barua, kujaza majedwali na kusoma barua pepe.

Iko pia pingamizi nzito zaidi, nayo ni ya usalama. Husemwa kwamba kitu kisicho na mwenyewe hakina mlinzi, na wasemao hivyo wana ushahidi. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft na mmoja wa watunzaji wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiipima kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko desturi. Wengi wangelipuuza, yeye alilifuatia, hata akafika katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani yake. Aliyeupachika, aliyejificha nyuma ya jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijipendekeza kwa misaada ya kweli, hadi akaaminiwa na kukabidhiwa madaraka, kwa kuwa programu ile, iliyotegemewa na mashirika yenye mabilioni, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea na aliyekwisha kuelemewa. Miaka 10 kabla yake, Aprili 2014, kasoro iliyoitwa Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, baada ya kukaa humo miaka miwili. Na hapo napo watunzaji walikuwa wachache mno kwa uzito wa kazi yao.

Mkasa wa xz una mafunzo mawili yasiyopingana. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, Freund aliweza kuifuata hila ile hadi mwisho bila kumwomba mtu ruhusa, na akawaonya watu kabla mlango haujafika katika matoleo imara ya mifumo mikubwa. Lakini uwazi wa msimbo hausomi msimbo; husomwa na watu, na watu hula. Serikali, benki na kampuni za simu ambazo zimejenga mitambo yao juu ya kazi za watu hao, kisha zikaandika sifuri katika fungu la matunzo, hazikupata kitu cha bure, zimekopa, na dawa ya deni ni kulipa.

Asije mtu akasema kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatuna uwezo wa kulipa isipokuwa kwa shukrani. OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa unaotumika leo katika nchi nyingi, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, katika ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa, na wataalamu wa Indiana, Marekani, kwa sababu wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wengi kuliko makabati ya karatasi. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za watu na kuziweka juu ya ramani, ilianzia Kenya mwaka 2008 katika siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, kisha ikatumika katika maafa ya nchi za mbali. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa yenye mafuriko waliingia vichochoroni kuchora mitaro, nyumba na njia katika mradi wa Ramani Huria, na ramani yao imewekwa wazi katika OpenStreetMap, ambako kila mtu aweza kuitumia na kuisahihisha.

Hata katika lugha tulianza mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi yenye sura ya Kiswahili, kazi iliyohitaji wataalamu wa kompyuta na wa lugha waketi meza moja. Lakini programu haikai mahali pamoja: mwaka 2010 wengi wa watunzaji wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na tangu hapo kila toleo huja na menyu mpya na maelezo mapya yasiyopata kusemwa kwa Kiswahili. Tafsiri iliyofanywa mara moja kwa fedha za mradi, kisha mradi ukafungwa, huchakaa mwaka hata mwaka. Taksiri iko katika desturi yetu ya kusherehekea uzinduzi na kusahau matunzo, wala haihusu ustadi wa waliotangulia.

Yafaayo kufanywa hayahitaji tume. Kwanza, kila ofisi ya umma inayotoa fomu kwa wananchi iitoe katika muundo ambao hauhitaji programu ya kampuni moja. Muundo huria wa hati, uitwao ODF, ni kipimo cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006, na hakuna sababu ya mwananchi kulazimishwa kununua, au kuiba, ili ajaze ombi la leseni ya biashara. Pili, programu iliyotungwa kwa kodi za watu, maadamu haina siri ya dola ndani yake, msimbo wake uwekwe wazi, ili wilaya ya pili isilipie tena kazi iliyokwisha kulipiwa na wilaya ya kwanza.

Tatu, vyuo vyetu viache kuwadai wanafunzi wa mwaka wa mwisho mfumo mwingine wa maktaba, ambao hutetewa mbele ya jopo, hupewa alama, kisha hufia kabatini. Mwanafunzi na ahesabiwe amefaulu akionyesha kasoro ya kweli aliyoitengeneza katika programu inayotumiwa na watu, na watunzaji wake wakaikubali. Nne, sisi watumiaji wa kawaida tujifunze kushitaki kasoro kwa adabu ya kazi: taja toleo la programu, eleza ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia, na kilichotokea, kisha ambatisha faili iliyoleta taabu. Kulalamika kwamba haifanyi kazi hakumsaidii fundi; maelezo ya namna hii humwokolea siku nzima.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi atakayeulizwa kwa nini idara yake imechagua programu huria, asijibu kwamba ni za bure. Ajibu kwamba zinaruhusu kutengenezwa na watu wa hapa, kisha amtaje kwa jina mtumishi aliyeajiriwa kuzitengeneza. Akikosa jina la kutaja, mshahara wa mtu huyo na uandikwe katika bajeti ya mwaka ujao.